Gesi Ipo, Mnunuzi Yuko Wapi?

    Wewe dereva wa bajaji uliyepanga foleni ya kujaza gesi huku redio ikiongea, mazungumzo ya leo yanakugusa wewe kuliko wengi.

Kila baada ya muda tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mahali fulani kuna dalili za mafuta au gesi. Mara Mtwara, mara Ruvu, mara Eyasi na Wembere kule bara. Habari ikishatoka, barazani maneno yanaanza palepale: umeme utashuka bei, vijana watapata kazi, sasa nchi itakuwa Qatar. Miaka inapita, na aliyesema hivyo ndiye anayeuliza: jamani, ile gesi imekwenda wapi? Wameila?

Leo tujaribu kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Ni kitu gani kinachoamua kisima cha mafuta au gesi kichimbwe wapi, na kichimbwe lini? Kwa nini kampuni zinakimbilia sehemu moja na kuiacha nyingine, ilhali zote mbili zina gesi?

Jibu langu nalitoa mapema, halafu tulipime pamoja. Gesi kuwepo ardhini ni sharti la kwanza tu. Kinacholeta mtambo wa kuchoronga ni mnunuzi, yaani mtu aliyetia saini kwamba gesi hiyo ataichukua, kiasi fulani kwa siku, kwa bei fulani, kwa miaka fulani. Neno la kushika leo ni hilo, mnunuzi. Nitalirudia mpaka ulichoke.

Fikiria mkulima wa muhogo kule Mkuranga. Muhogo wake umekomaa, uko chini ya udongo, anaujua. Lakini haung'oi. Kwa nini? Kwa sababu akiung'oa leo na gari halijaja, baada ya siku chache umeharibika. Kwa hiyo anauacha shambani mpaka asikie honi ya gari la mnunuzi. Gesi nayo ni hivyo hivyo. Huwezi kuichimba ukairundika uwanjani ukisubiri mteja. Ukifungua kisima, lazima upande wa pili wa bomba awepo mtu anayeitumia saa hiyo hiyo.

Tuanze na ardhi yenyewe, halafu tuiache haraka, maana ndiyo sehemu ambayo binadamu hana amri nayo. Mafuta na gesi vinatokana na mabaki ya viumbe vilivyofukiwa na tope kwa mamilioni ya miaka. Tope likizidi kurundikana, joto na mgandamizo vinayapika mabaki yale. Halafu inatakiwa pawepo mwamba wenye vitundu wa kuihifadhi gesi, na juu yake mwamba usiopitisha gesi wa kuifunika isitoroke. Sasa tazama pwani yetu. Mito kama Rufiji na Ruvuma imekuwa ikimwaga mchanga na tope baharini tangu enzi na enzi. Ndiyo maana ukifuata ramani ya gesi ya Tanzania unajikuta unafuata bahari: Songo Songo iko Kilwa, Mnazi Bay iko Mtwara, na vile visima vya bahari kuu viko mbele ya Lindi na Mtwara. Maumbile yameamua hivyo, na hakuna mbunge anayeweza kuhamisha mwamba.

Lakini je, mwamba peke yake unatosha? Hapa ndipo hadithi ya Songo Songo inapotufundisha.

Kampuni za Shell na BP zilianza kutafuta mafuta pwani hii tangu miaka ya 1950. Zilichoronga Mafia, Unguja na Pemba, zikaondoka bila kitu cha kuuza. Halafu mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikaruka, nchi zisizo na mafuta zikakamuliwa, na kila serikali ikaanza kutazama chini ya miguu yake. Shirika letu la mafuta la TPDC, lililoundwa mwaka 1969, likaanza kazi kipindi hicho hicho. Mwaka 1974 kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ikachoronga katika kisiwa cha Songo Songo na kupata gesi. Unadhani Waitaliano walishangilia? Walitafuta mafuta, wakapata gesi, na gesi ile haikuwa na pa kwenda. Wakaona haiwalipi, wakaiacha. TPDC ndiyo iliyoendelea kuchoronga visima vingine ili kujua gesi ni kiasi gani.

Katika miaka ya 1980 likaja wazo la kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa, kitumie gesi ile ile. Hapo angepatikana mnunuzi. Kiwanda hakikujengwa, na gesi ikaendelea kulala. Iliamka lini? Mwaka 2004, bomba lenye urefu wa kilomita 200 na ushei lilipofika Dar es Salaam na kuanza kuwasha mitambo ya umeme Ubungo, pamoja na tanuri za kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, hapo Tegeta. Kutoka 1974 hadi 2004. Miaka 30, msikilizaji! Gesi ilikuwa ile ile na mwamba ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba Dar es Salaam ilikuwa imekua, viwanda vilitaka nishati, mabwawa ya umeme yalikuwa yakikauka, na shirika la umeme la TANESCO likawa tayari kutia saini ya miaka mingi. Mnunuzi alikuwa amefika.

Mnazi Bay ni hivyo hivyo. Iligunduliwa mwaka 1982, ikasubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutumika, tena mwanzoni ilikuwa kwa umeme wa mikoa ya Lindi na Mtwara tu. Ni nani angeihitaji gesi nyingi kusini wakati ule? Hakukuwa na kiwanda kikubwa. Kwa hiyo visima vikabaki vichache.

Sasa tufike kwenye jambo lililoumiza watu, na tuliseme kwa heshima. Serikali ilipoamua kujenga bomba kubwa la kutoka Mtwara kuja Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara walisema gesi haitoki. Mwaka 2013 kulitokea vurugu, Januari na tena Mei, watu wakapoteza maisha na mali ikateketea. Swali la watu wa Mtwara lilikuwa la haki kabisa: kwa nini kitu kichimbwe kwetu, kitajirishe kwingine? Serikali nayo ilisema mahitaji yako Dar es Salaam, na nchi ilikuwa imetoka kwenye mgao mkali wa umeme wa 2011. Bomba lile la inchi 36, lililojengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, likazinduliwa Oktoba 2015 na kuishia Kinyerezi.

Unaona kilichoamua njia ya bomba? Aliyeamua ni mnunuzi, na mnunuzi ni sisi wa jiji hili: TANESCO, viwanda, mamilioni ya taa na friji. Lakini kuna upande wa pili ambao Mtwara ina haki ya kutukumbusha. Mnunuzi anaweza kutengenezwa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipojengwa Mtwara na kuunganishwa na gesi mwaka 2018, gesi ikapata mteja nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu akikwambia gesi inakwenda Dar kwa sababu wateja wako Dar, muulize: na mmefanya nini ili wateja wawepo Lindi na Mtwara?

Tukumbushane kabla hatujaendelea. Jambo la kwanza, mwamba. Jambo la pili, mnunuzi. Na katikati ya hayo mawili kuna bomba. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mtambo wa kuchoronga hauji.

Tusogee karibu na nyumbani. Wewe uliyeko Mbagala Rangi Tatu, ukipita Kongowe na Vikindu unaingia Mkuranga. Unajua kwamba mwaka 2007 kampuni ya Kifaransa ya Maurel & Prom iligundua gesi hapo Mkuranga? Ndiyo, mwendo wa daladala tu kutoka Temeke! Lakini kupata gesi kwenye kisima kimoja si sawa na kupata gesi ya kutosha kulipia visima, mtambo wa kusafisha na wafanyakazi kwa miaka 20. Gesi ile haikugeuka kuwa uzalishaji. Na hapa ndipo penye ajabu: viwanda vilivyopo Mkuranga leo, kama kile cha vigae, vinatumia gesi inayotoka kusini kwa bomba. Bomba limepita mlangoni, na wanunuzi wapo. Kwa nini basi gesi ya Mkuranga yenyewe haichimbwi? Kwa sababu mwenye kiwanda ananunua pale palipo na gesi nyingi na ya uhakika, na hajali imetoka umbali gani.

Na Kimbiji je? Wazee wa Temeke ya zamani, kabla Kigamboni haijawa wilaya, wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulichorongwa visima vya kutafuta mafuta upande huo. Hakikupatikana kitu cha kuchimba. Leo Kimbiji inatajwa kwa visima virefu vya maji. Nayo ni bahati, maana maji hatuyauzi nje, tunayanywa wenyewe.

Sasa tuingie bahari kuu, kwenye gesi nyingi kuliko yote. Mwaka 2010 kisima cha kwanza cha maji marefu, Pweza, kilitoa gesi. Vikafuata Chewa, Chaza, Jodari, na kwenye kitalu cha jirani Zafarani mwaka 2012, halafu Lavani na Tangawizi. Kampuni zilikuwa Ophir na BG ya Uingereza upande mmoja, Statoil ya Norway na ExxonMobil ya Marekani upande wa pili. Ukijumlisha na gesi ya nchi kavu, makadirio ya taifa yakafika futi za ujazo trilioni 57. Nchi nzima ikachangamka. Viwanja vya Lindi na Mtwara vikapanda bei, hoteli zikajengwa.

Halafu? Kimya. Nini kilitokea?

Kwanza, elewa ugumu wa eneo lenyewe. Baadhi ya visima hivyo viko mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya kilomita mbili, ndipo uanze kutoboa mwamba. Kisima kimoja kinagharimu mamilioni kwa mamilioni ya dola. Gesi nyingi kiasi hicho Dar es Salaam haiwezi kuimaliza, hata tukiwasha kila taa. Kwa hiyo mnunuzi wake yuko mbali: Japani, India, China, Ulaya. Na ili gesi asilia ipakiwe melini, lazima ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika na kupungua ukubwa karibu mara 600. Mtambo wa kufanya kazi hiyo umepangwa kujengwa Likong'o, Lindi, na makadirio yake yamezidi dola bilioni 40.

Pili, bei. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Bei ikianguka hivyo, kampuni kubwa hukaa mezani na ramani ya dunia nzima na kuuliza: kati ya miradi yetu yote, ni ipi inayolipa hata bei ikiwa chini? Mradi mgeni, wa maji marefu, usio na mtambo, katika nchi isiyowahi kuuza gesi nje, unawekwa chini ya foleni. Ophir ilikuja kununuliwa na wengine. BG ilinunuliwa na Shell mwaka 2016. Statoil, iliyobadili jina kuwa Equinor, mwanzoni mwa 2021 ilishusha kwenye vitabu vyake thamani ya mradi wa Tanzania kwa karibu dola bilioni moja. Halafu Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022, Ulaya ikahangaika kutafuta gesi kwingine, na Juni mwaka huo huo serikali yetu na kampuni zikasaini makubaliano ya awali. Uliona? Vita vya mbali, na Lindi ikarudi kwenye mazungumzo.

Kwa wanaosema tutakuwa Qatar, nawaomba waisome Qatar yenyewe. Hazina yao kubwa ya gesi baharini iligunduliwa mwaka 1971. Meli yao ya kwanza ya gesi ya kimiminika iliondoka mwishoni mwa 1996. Miaka 25! Na ilikwenda wapi? Japani, kwa kampuni ya umeme iliyokuwa imeshasaini mkataba wa muda mrefu. Hata Qatar ilimsubiri mnunuzi.

Tuwatazame majirani, maana nako kuna somo. Uganda walipata mafuta kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Mafuta yao ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima. Na Uganda haina bahari. Mwaka 2016 wakachagua njia ya kuja Tanga, Chongoleani, kilomita 1,443, badala ya kupita Kenya. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifikiwa Februari 2022. Kutoka kugundua mpaka kuamua, miaka 16. Wakenya nao walipata mafuta Turkana mwaka 2012, wakajaribu kuyabeba kwa malori mpaka Mombasa na kusafirisha shehena ya kwanza Agosti 2019. Lakini malori si bomba. Mafuta yapo, barabara ipo, na bado mradi ulikwama kwa miaka.

Msumbiji ndiyo ya kusikitisha. Gesi yao ya Cabo Delgado iko ng'ambo tu ya Ruvuma, mwamba mmoja na wetu, na kampuni zilikwenda kule kwa kasi kuliko kwetu. Lakini tangu Oktoba 2017 kukawa na mashambulizi ya wapiganaji. Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, na mwezi uliofuata kampuni ya Total, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, ikasimamisha mradi wa dola bilioni 20. Kwa hiyo usalama nao unaamua. Na usalama hauletwi na bunduki peke yake. Vijana wa eneo wakiona utajiri unapita juu ya vichwa vyao bila kuwagusa, fujo inapata shamba la kuota. Mtwara ya 2013 ilituonya mapema.

Tumeongea mwamba, mnunuzi, bomba, bei na usalama. Limebaki moja kubwa: sheria na mikataba.

Mfano mzuri uko Zanzibar. Kuna vitalu vya Unguja na Pemba ambavyo vilikaa miaka mingi bila kuguswa, na mwamba haukuwa na kosa. Swali lilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kutia saini, kwa kuwa mafuta na gesi yalihesabiwa kuwa mambo ya Muungano na Zanzibar haikukubali. Hakuna kampuni inayotoboa kisima huku wenye nyumba wawili wakivutana mlangoni. Sheria ya Petroli ya 2015 ikafungua njia Zanzibar isimamie yake, Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2016, na mwaka 2018 ikasaini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah.

Huku Bara, sheria za 2015 zilianzisha mamlaka ya PURA kusimamia uchimbaji, na sheria za 2017 zikalipatia Bunge uwezo wa kupitia upya mikataba ya maliasili. Wapo waliosema sheria za 2017 zimewatisha wawekezaji. Wapo waliosema zimechelewa. Mimi nasema hivi: nchi iliyoumizwa na mikataba mibovu ya umeme na madini ina haki ya kuwa makini. Ila umakini una gharama yake, nayo ni muda. Tukubali gharama hiyo kwa macho wazi, tusijifanye hatuioni.

Na kuna kitu kidogo kwenye mikataba ambacho watu wengi hawakitazami, nacho ni tarehe ya mwisho. Leseni ya Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25. Jiulize, wewe mpangaji ambaye mkataba wako wa nyumba unakaribia kwisha, utajenga choo kipya? Mwekezaji naye, leseni ikikaribia kufikia kikomo, anajiuliza kama kisima kipya kitarudisha fedha kabla ya siku ya mwisho. Kwa hiyo ukisikia mahali fulani visima vipya havichorongwi, usikimbilie kusema gesi imeisha. Uliza kwanza mkataba umebakiza miaka mingapi.

Sasa turudi nyumbani kwetu, kwenye umeme. Sehemu kubwa kabisa ya gesi yetu inachomwa kutengeneza umeme: Ubungo, Kinyerezi, Tegeta, Mtwara. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, likaanza kuzalisha. Uwezo wake kamili ni megawati 2,115, zaidi ya mitambo yote ya gesi nchini ikijumlishwa. Hili ni jambo jema kwetu tuliokuwa tunalala na mishumaa. Lakini mtazame mwenye kisima: mnunuzi wake mkubwa amepata chanzo kingine. Mvua ikinyesha vizuri, gesi inanunuliwa kidogo, na hamu ya kuchoronga inapungua. Ukame ukija, tutalia gesi, gesi, kumbe kisima na mtambo vinachukua miaka kuandaliwa. Mgao wa 2006 na wa 2011 ulitufunza hivyo. Tusiisahau gesi kwa sababu bwawa limejaa.

Ndipo nakuja kwako, dereva wa bajaji, na kwako, mama unayepika Tandika.

Mama, naomba nikuulize: mtungi wako wa gesi unatoka Songo Songo? Wengi watajibu ndiyo. Jibu ni hapana. Gesi ya mtungi ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje ya nchi. Inakubali kugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu, ndiyo maana inakaa kwenye mtungi mwepesi. Gesi yetu ya asili karibu yote ni methani. Haikubali kwa kushindiliwa tu, kwa hiyo inafika jikoni kwa bomba, kama ilivyofika kwa baadhi ya nyumba za Mikocheni na Sinza. Kwa hiyo mtungi ukipanda bei, usiilaumu Kilwa. Bei yake inaamuliwa na soko la dunia, meli na dola.

Bajaji yako wewe, ndiyo, inakula gesi ya kusini. Ile ni methani iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa kwenye tangi nene la chuma. Gharama yake ya kutembea mjini ni nafuu sana ukilinganisha na petroli, ndiyo maana foleni ni ndefu. Na foleni ile, pamoja na kero yake, ina maana kubwa. Ni wanunuzi waliopanga mstari! Kila bajaji, kila basi, kila jiko la bomba, kila tanuri la kiwanda linaongeza sababu ya mtu kuchoronga kisima kipya. Vituo vikiongezeka Mbagala, Bunju na Gongo la Mboto, na mabomba yakiingia mitaani, hatutamtegemea mnunuzi wa Tokyo peke yake.

Najua yupo anayeuliza: na mabadiliko ya tabianchi je? Dunia haisemi tuache mafuta na gesi? Swali zuri. Benki kadhaa kubwa zimekataa hadharani kukopesha bomba la Uganda na Tanga kwa sababu hiyo, kwa hiyo hilo nalo linaamua wapi pachimbwe. Na ule muhogo wa Mkuranga hausubiri milele, ukikaa mno unakuwa mgumu na hauliwi. Wanunuzi wa Asia na Ulaya wanajenga umeme wa jua na upepo kila mwaka. Maoni yangu ni kwamba mahali gesi inapomtoa mama kwenye mkaa, au basi kwenye dizeli, hapo tuharakishe. Mahali tunapotaka kuikopea nchi mabilioni kwa matumaini ya mnunuzi wa mwaka 2050, hapo twende polepole na tumtake kwanza atie saini.

Basi msikilizaji, muda unanibana. Tufunge kwa yale ya kushika. Siku nyingine ukisikia redioni kwamba gesi imegunduliwa, usishangilie na usibeze. Uliza maswali haya. Ni nyingi kiasi cha kulipia visima na mtambo? Mnunuzi ni nani, na ametia saini ya miaka mingapi? Bomba litapita wapi, na litaacha nini kwa watu wanaoishi inapotoka? Bei ya dunia ikishuka nusu, mradi utasimama? Leseni inaisha lini? Na mwisho, watu wa Temeke na Kinondoni wataipataje: kwa umeme, kwa jiko, au kwa kuitazama kwenye meli?

Yaulize maswali hayo kwenye mkutano wa mtaa, muulize mbunge wako anapokuja, yaulize kwenye daladala. Mnunuzi mkubwa wa gesi ya nchi hii ni mwananchi wa jiji hili, na mnunuzi ana haki ya kuuliza anauziwa nini.